Mhandisi wa Baridi

Kama kuna mtu aliyenichosha katika maisha yangu ya kazi, ni yule mhandisi wetu wa Nizwa. Nimefanya kazi na watu wakali, na wavivu, na mmoja aliyekuwa akilala juu ya meza yake kila siku baada ya sala ya adhuhuri, na hao wote wamenitoka akilini. Yeye hajanitoka. Hata leo nikiingia chumba chenye kiyoyozi kikali, namsikia akinung'unika.

Jina lake halina haja hapa. Karakana nzima tulimwita Mhandisi, na askari Waarabu wakimwita Muhandis, neno lile lile kwa ulimi wao. Mimi nilikuwa karani na mkalimani. Nilikuja Oman mwanzoni mwa miaka ya sabini pamoja na wengi wetu tuliotoka Unguja, na kwa kuwa nilikuwa na Kiingereza cha skuli na Kiarabu cha kuokoteza, nikapewa meza katika karakana ya umeme ya jeshi, nje kidogo ya mji wa Nizwa. Mle yaliletwa makabati ya umeme yaliyoharibika, mengine ya ndege, mengine ya boti za doria za Sur. Kila kabati lilikuwa la chuma, kimo cha mtu. Kazi yake kuupokea umeme wa jenereta na kuugeuza uwe wa namna inayotakiwa na rada, na pampu za usukani, na vinginevyo. Likifa kabati, boti haioni mbele wala haigeuki.

Mhandisi aliajiriwa kuyatengeneza hayo. Na aliyatengeneza, sisemi uwongo, mikono yake ilikuwa myepesi. Tatizo ni kwamba aliyatengeneza huku akiyadharau, kama mpishi wa pilau aliyepewa kazi ya kuchemsha mayai. Kabla ya kuja kwetu alifanya kazi Ulaya, katika maabara waliyokuwa wakijaribu mota ya manowari ambayo nyaya zake hupozwa kwa gesi iliyogeuzwa maji, baridi ambayo hapa duniani haipo ila itengenezwe. Kwa baridi hiyo, alisema, metali fulani huacha kabisa kuuzuia umeme. Umeme hupita bila kupungua, waya haupati moto, na mota ya ukubwa wa pipa hufanya kazi ya mota ya ukubwa wa chumba. Alikuwa ameiona ikizunguka kwa macho yake. Tangu hapo, kila kitu kingine kilikuwa mayai.

"Joto ni umeme uliokimbia," alikuwa akisema, huku ameweka kiganja juu ya kabati lililotoka kuzimwa. "Shika hapa, binti. Huu ni umeme wetu, unatoroka."

Nilishika mara ya kwanza. Mara ya pili nilimwambia nimekwisha shika.

Sasa, ungemtarajia mtu anayeisifu baridi namna hiyo awe anaipenda. Hakuweza kuistahimili hata kidogo. Juni ya Nizwa, wakati mbuzi wanagombea kivuli cha ukuta, yeye alivaa sweta ya sufi ya rangi ya kahawia. Akiingia ofisini kitu cha kwanza ni kuzima kiyoyozi, bila ya kuuliza. Mimi nipo mbele ya taipureta, jasho linanidondokea juu ya karatasi, na yeye anajipanguza kana kwamba ametoka kwenye theluji. Nikikiwasha, hagombani. Anachukua kikombe chake cha chai na kwenda kukaa ndani ya Land Rover iliyoegeshwa juani, vioo vimefungwa. Wageni wakija kumuulizia nilikuwa nawaonesha gari kwa kidole.

Nyumbani kwake Samad Ash Shan hapakuwa na friji. Aliipinga. Alisema friji ni mashine ya aibu, inafanya kazi ndogo kwa kelele kubwa. Wakinywa maji ya mtungi wa udongo uliotundikwa barazani. Mkewe, mwanamke mpole wa Kiunguja, alinipokea siku moja akanivuta jikoni, akanionesha bakuli.

"Nusa," aliniambia. "Mume wangu anajua kuipoza hewa mpaka iwe maji. Mimi maziwa yananichachia kila siku ya Mungu."

Halafu palikuwa na suala la lugha, na hili lilikuwa mzigo wangu mimi. Tulikuwa na kamanda Mwarabu, mtu wa Ibra, na afisa mgeni wa Kizungu aliyekuja kama mshauri. Mhandisi alizijua lugha zote tatu vizuri kunishinda mimi. Lakini mbele ya watu, sijui ni kwa wasiwasi au kwa ukaidi, alizungumza na kamanda kwa Kiingereza, na Mzungu kwa Kiswahili, na mimi kwa Kiarabu. Kila mmoja wao akinigeukia mimi. Nikimuomba baadaye abadilishe, anasema, "Nilizungumza lugha ya jambo lenyewe." Lugha gani ya jambo. Jambo lilikuwa ni nati za kabati.

Na ukimuuliza joto la siku hakukujibu kwa vipimo vya watu. Alihesabu kutoka kwenye sifuri ya kweli, kama alivyoiita, ile baridi ambayo chini yake hakuna tena kushuka. Askari kijana aliyekuja kutoka Mudhaibi alimuuliza kwa adabu, "Kwema, Muhandis, leo joto kiasi gani?" Akajibiwa, "Mia tatu na kumi na tano." Kijana akanijia pembeni kuniuliza kama mzee anaumwa.

Mtu wa vipimo namna hiyo ungedhani anafika kazini kwa wakati. Hakuwahi kufika kwa wakati.

Niseme basi habari ya jaribio la kwanza, maana ndilo lililoanzisha mengine. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya sabini. Makabati ya boti za Sur yalikuwa yanakufa kila kiangazi. Chumba cha injini cha boti ndogo ni tanuri, maji ya bahari yenyewe yana moto, na transista za ndani ya kabati, vile vidude vinavyougeuza umeme, haziwezi kupoa. Yeyote mwingine angesema: tuingize hewa. Mhandisi aliona mlango wa ndoto yake umefunguka. Akamshawishi kamanda amruhusu kuonesha kwamba sehemu za kabati zikizamishwa ndani ya naitrojeni ya maji, yaani gesi ya hewani iliyopozwa mpaka ikawa maji, zitafanya kazi kubwa zaidi bila ya kuungua.

Naitrojeni ilipatikana upande wa mji mkuu, kwenye mtambo uliokuwa ukitengeneza oksijeni ya marubani. Mimi ndiye niliyeandika maombi, mimi niliyetafuta dereva, mimi niliyemfafanulia dereva kwamba ndani ya chupa ile ya chuma, iliyotengenezwa kama chupa ya chai lakini kubwa kama pipa, mna hewa. Akaniuliza kwa nini tunapeleka hewa Nizwa. Alikuja na vioo wazi safari nzima kwa hofu, na kwa hilo Mhandisi alimsifu, kwa sababu mvuke ule ukijaa garini humnyima mtu pumzi bila ya yeye kujua. Ilipofika, sehemu kubwa ilikuwa imekwisha potea njiani. Mhandisi aliichungulia akasema inatosha.

Viti vilipangwa, kahawa na halua vikatolewa. Aliweka sehemu ya kabati ndani ya sanduku jeupe la sponji lililokuja na redio, akamimina. Ilichemka juu ya chuma baridi kama mafuta ya kukaangia, moshi mweupe ukatambaa mezani na kushuka miguuni mwa kamanda, naye akainua viatu. Palikuwa na taa zimepangwa ubaoni ambazo zingewaka. Mhandisi akabonyeza swichi.

Hazikuwaka. Akabonyeza tena. Tukasikia kitu kidogo kikipasuka ndani ya sanduku, kisha kingine. Risasi ya kuungia nyaya ilikuwa inakatika kwa baridi.

"Zimelala," Mhandisi alimwambia yule Mzungu, kwa Kiswahili. "Zimelala tu, zitaamka."

Mzungu akanigeukia. Nikamfasiria kwamba zimelala. Alinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyezilaza.

Baadaye, tukikusanya vikombe, Mhandisi alinieleza kwamba transista za aina ile hupoteza nguvu katika baridi kali, na kapasita zake, vile vikopo vya mafuta vinavyoweka akiba ya umeme, huganda ndani, na kwamba hayo aliyajua. "Nilijua huenda zikalala," alisema. "Lakini nilitarajia." Nilitaka kumpiga na sinia.

Hayo yangekuwa ya kuchekesha tu, kama si mdogo wangu. Mdogo wangu alikuwa fundi umeme kwenye boti mojawapo ya Sur, nami ndiye niliyemtafutia kazi ile. Kiangazi kilichofuata, boti yao ikiwa nje ya Ras al Hadd, kapasita za kabati zilipasuka kwa joto wakati yeye ameufungua mlango wake. Mafuta ya moto yalimrukia mkono wa kushoto, toka kiwiko mpaka vidoleni. Boti ilikaa bila usukani mpaka ikaja nyingine kuivuta. Nilimkuta hospitali, mkono umefungwa bandeji, akijaribu kuniambia si kitu. Alikuwa na umri wa kuoa.

Kamanda alileta pendekezo: watoboe ubavu wa chumba cha injini, waweke feni mbili za kuvuta hewa ya juu moja kwa moja mpaka kwenye kabati. Ni kazi ya wiki. Lakini mabadiliko yoyote ya boti yalihitaji kibali cha Mhandisi, na Mhandisi hakukitoa. Alisema tusubiri. Kuna transista za aina mpya, alikuwa amezisoma, hizo hazilali kwenye baridi, bali zinakuwa na nguvu zaidi. Zimeagizwa. Kutoboa meli kwa ajili ya feni ni kukubali kushindwa.

Karatasi ilikaa mezani kwake. Nikaipeleka tena. Ikakaa tena. Siku ya tatu nilifunga mlango wa ofisi, nikawasha kiyoyozi makusudi, nikasimama mbele ya mlango ili asitoke kwenda kwenye gari lake.

"Mhandisi, mimi nakuheshimu kama baba yangu," nilimwambia. "Lakini ndugu yangu ataingia tena mle mwezi ujao, kwa mkono mmoja na nusu."

"Najua, binti."

"Hujui. Wewe umewahi kuingia?"

"Kuingia wapi?"

"Mle. Chumba cha injini. Kiangazi, boti ikienda."

Akaikunja mikono ya sweta yake, kisha akaikunjua. "Makabati huletwa hapa," alisema mwisho.

"Ndiyo. Makabati huletwa hapa."

Nikamfungulia mlango. Hakwenda kwenye gari. Alikaa pale pale chini ya upepo wa kiyoyozi, anatetemeka, mpaka saa ya kutoka.

Siku iliyofuata hakuja. Siku hiyo hiyo, bila shaka, walikuja wageni wakubwa kutoka mji mkuu kumuona, nami nikawa nawapa kahawa na visingizio. Mkewe alisema ametoka alfajiri. Hakuna aliyejua wapi. Nilikasirika nikaapa kuomba uhamisho.

Habari nilizipata kwa mdogo wangu. Mhandisi alikuwa amedandia magari mpaka Sur, akajitokeza gatini na sweta yake, akasema anataka kwenda na boti. Mdogo wangu hakuwa amerudi kazini rasmi, lakini alikuwepo akikaa na wenzake, akapanda naye kwa sababu alimuonea huruma. Walipotoka bandarini Mhandisi akateremka chini, akachukua sanduku la zana akalikalia, mbele ya kabati, kama mtu anayemsubiri daktari.

"Nikamwambia, Mhandisi, umekwisha ona, panda juu," mdogo wangu alinihadithia. "Akasema, ngoja kidogo. Nikamwambia vua sweta basi. Akasema, ngoja. Anaitazama mikono yake tu. Nikamuuliza unangoja nini, mzee? Akasema, nataka nijue ulisimama vipi. Nikamuonesha: nilisimama hivi, mlango nimeushika hivi. Akasimama vile vile nilivyosimama. Ndipo akaanguka."

Walimtoa kwa mikono na miguu, wakamvua sweta, wakammwagia maji. Alipofumbua macho kwanza aliuliza kabati lina joto kiasi gani. Halafu akauona mkono wa mdogo wangu, ambao bandeji yake ilikuwa imelegea kwa kumbeba, akaushika. Mdogo wangu aliniambia aliushika muda mrefu mpaka mabaharia wakaona haya, wakaangalia pembeni.

Jumamosi nilipofika kazini nilimkuta amekwisha fika. Sijawahi kuliona jambo hilo kabla yake wala baada yake. Kibali kiko mezani kwangu, kimetiwa saini.

"Feni," alisema. "Boti zote."

"Alhamdulillahi."

"Lakini ni za muda."

Ndivyo alivyokuwa. Hakuweza kukupa kitu bila ya kukikatia ncha. Miaka yote iliyobaki ya kazi yake alizitaja feni zile kwa jina la "zile za muda", hata kwenye barua rasmi nilizomchapia, na nikilitoa neno hilo analirudisha kwa kalamu. Makabati yaliacha kupasuka. Mdogo wangu alioa, mkono wake ukabaki na makunyanzi na vidole viwili visivyokunjika. Kila mwanzo wa kiangazi Mhandisi alikwenda Sur, akateremka chini ya boti, akakaa mpaka wamtoe. Hakuna aliyemtuma. Nilikuwa namuandalia safari hizo nikiguna.

Na transista mpya zilikuja. Hili lazima niliseme kwa haki, ingawa linaniuma. Katikati ya miaka ya themanini alifanya jaribio la pili: sanduku jingine la sponji, kahawa nyingine, Mzungu mwingine. Safari hii taa ziliwaka. Aliongeza umeme, zikazidi kuwaka, akaongeza mpaka kiasi ambacho sehemu zile zingekuwa zimekwisha ungua zamani, na ukichungulia ndani ya mvuke unaona barafu imezishika kama chumvi. Alikuwa sahihi. Kamanda alisimama akampa mkono. Ndipo yule Mzungu akauliza swali moja tu, la kistaarabu kabisa: katika boti, naitrojeni itatoka wapi?

Mhandisi alisema itatengenezwa humo humo, kwa mashine.

"Ukubwa gani?"

Mhandisi alitazama dirishani. "Kwa sasa," alisema, kwa Kiswahili, "kama Land Rover."

Nikafasiri. Kamanda akacheka kwa upole, na Mzungu naye, na hakuna aliyemdharau. Wakaondoka. Mhandisi alikaa akiiangalia naitrojeni ikiisha ndani ya sanduku mpaka chini pakakauka. Nilitaka kumwambia neno la kumpoza, lakini kabla sijafungua kinywa alinikaripia kwamba kahawa ilikuwa ya maji.

Alistaafu baada ya hapo, akarudi Samad kwenye mitende yake. Karakana ikawa tulivu na kiyoyozi kikawa changu. Sikumkumbuka, au ndivyo nilivyokuwa nikiwaambia watu.

Ulipita muda. Asubuhi moja nikikaanga mayai nilisikia redioni, idhaa ya Kiingereza, kwamba wataalamu wamegundua aina ya udongo uliochomwa, kitu kama kauri, ambao unaacha kabisa kuuzuia umeme katika baridi ya kawaida ya naitrojeni ya maji. Si ile baridi ya ajabu ya gesi za ghali. Ni naitrojeni, ile ile iliyokuja Nizwa kwa Land Rover. Mtangazaji alizungumzia mota za meli, na ndege, na nyaya za umeme. Nilizima jiko. Siku hizo nilikwisha pata leseni na gari langu dogo, nikaendesha peke yangu mpaka Samad.

Nilimkuta uani, anafungua njia ya maji ya falaji, ule mfereji wa kumwagilia, iende kwenye mitende, amevaa sweta. Amekonda. Nikamwambia shikamoo, akaitika marahaba bila ya kuinua kichwa. Mkewe akanitolea tende na kahawa. Nikampa habari, moyo unanienda mbio kama msichana anayeleta habari ya harusi.

"Najua," alisema.

"Umesikia?"

"Kila mtu amesikia. Upuuzi. Kauri inavunjika. Utaivutaje iwe waya? Utaizungushaje kwenye mota? Meli inatikisika, ndege inatikisika. Itakuwa vumbi. Miaka thelathini, na hapo wawe na bahati."

"Mhandisi, si wewe uliyetuambia miaka yote hiyo? Si wewe uliyetuchosha na baridi yako?"

"Nilisema kwa sababu hakuna aliyekuwa akisema. Sasa wanasema wote. Lazima awepo mmoja wa kuwapinga."

Akaendelea. Akanitajia mambo kumi yasiyowezekana, moja baada ya jingine, kwa sauti ile ile aliyotumia zamani kutuambia kwamba yanawezekana. Mkewe alinitazama akainua mabega. Nikanywa kahawa yangu yote, nikafunga mtandio, nikasimama. Nilikuwa nimeendesha njia yote ile kwa ajili ya mtu ambaye hata furaha yake mwenyewe alitaka kugombana nayo.

Nilikuwa nimefika mlango wa uani aliposema, "Kaa, binti."

"Nina safari, Mhandisi."

"Kaa kidogo." Alikuwa ameketi juu ya ukingo wa falaji, miguu ndani ya maji. "Mimi sikuisikia. Redio yetu imekufa. Jirani ndiye aliyeniambia, na yule hajui Kiingereza, kashika nusu nusu."

"Sasa umebisha kitu ambacho hukukisikia?"

"Walisemaje?" aliuliza. "Anza mwanzo. Maneno yao, si yako."

Nikarudi, nikakaa kwenye ngazi. Nikamwambia kama nilivyosikia, kwa Kiingereza, kisha nikamfasiria kwa Kiswahili, ingawa hakuhitaji kufasiriwa. Hakunikatiza. Nilipofika kwenye naitrojeni alifumba macho.

"Hapo," alisema. "Sema tena hapo."

Nikasema tena.